Pepe na Kiini

Elimu mpya ina desturi ya mgeni. Huja na mizigo mingi, na aghalabu mizigo hiyo hufunguliwa kabla mgeni hajaulizwa jina lake wala atokako. Mwenyeji mwenye busara hufanya kinyume cha hayo. Humkaribisha mgeni, humpa kiti, humwuliza jina, kisha ndipo hutazama alichochukua. Insha hii ni habari ya mgeni mmoja aliyebisha hodi katika chuo chetu, naye ni elimu ya uhalisia pepe. Nataka kueleza jinsi somo hili linavyoanza, mambo gani humkabili mwanafunzi katika majuma yake ya kwanza, na kwa nini mtu wa lugha, asiyejua kuunda mtambo wo wote, alikuwa na kiti chake katika darasa hilo.

Labda msomaji atauliza: Mhadhiri wa Kiswahili alifuata nini huko? Swali hili ni la haki. Mwenzangu mmoja wa idara ya kompyuta aliniomba nihudhurie kwa sababu wanafunzi wake walitakiwa, mwisho wa muhula, kujenga mahali ambapo mtu ataingia kwa macho na masikio. Mahali hapo palihitaji maneno ya Kiswahili, yaani maelezo, sauti na majina ya vitu. Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa udadisi, maana umri uliovuka miaka arobaini haujanizuia kupenda kujua. Ya pili ilikuwa hofu. Kwa muda mrefu nimeona elimu zikiingia kwetu zimevaa lugha nyingine toka utosini hata unyayoni, na Kiswahili kikaitwa mwishoni kabisa, kuja kubandika majina juu ya vitu vilivyokwisha kamilika. Mtu aitwaye mwishoni hashauri. Hupewa kazi tu. Nilitaka mara hii Kiswahili kifike mapema, wakati wa shauri.

Yafaa kwanza tujue kitu chenyewe. Uhalisia pepe ni ufundi wa kuyapa macho na masikio ya mtu habari za mahali ambapo mwili wake haupo, na kuzibadili habari hizo kila ageuzapo kichwa, hata akili ikubali kuwa yupo huko. Mtu huvaa miwani mikubwa yenye skrini na lenzi mbele ya kila jicho. Akitazama kulia huona kilicho kulia, akiinama huona sakafu, na akigeuka nyuma huona alikotoka.

Ufundi huu si mtoto wa jana. Mwaka 1838 mtaalamu wa Uingereza, Charles Wheatstone, alieleza mbele ya wenzake kwa nini macho mawili huona kina ambacho jicho moja hukikosa. Kila jicho hupata picha yake, tofauti kidogo na ya mwenziwe, na akili huziunganisha zikawa kitu kimoja chenye umbo. Wheatstone alitengeneza kifaa cha vioo kilicholipa kila jicho mchoro wake, na michoro miwili bapa ikasimama kama kitu cha kushikika. Miwani yote ya leo ni wajukuu wa kifaa hicho. Mwaka 1965 Mmarekani Ivan Sutherland aliandika juu ya chumba ambamo kompyuta ingetawala hata kuwapo kwa vitu vyenyewe. Mwaka 1968 alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani, kilichoshikwa na mtambo ulioning'inia darini, nacho kilionyesha michoro ya mistari mitupu iliyogeuka kila mvaaji alipogeuza kichwa. Miaka mingi baadaye, skrini na vihisi vya simu za mkononi viliposhuka bei, miwani ilitoka maabara ikaingia sokoni. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo mtu hutia simu yake ndani akapata miwani ya maskini. Kasha hilo haliuzwi tena na kampuni hiyo tangu mwaka 2021, lakini namna ya kulikata haikufichwa, na mwenye mkasi na subira aweza kujitengenezea lake. Darasa letu lilikuwa na miwani miwili ya kununuliwa kwa wanafunzi 24. Mkasi na karatasi ngumu vilitufaa sana.

Hiyo ndiyo nasaba ya mgeni. Sasa tumwulize jina. Jina lake la Kiingereza lina neno litokalo katika Kilatini, na asili ya neno hilo ni nguvu na ubora. Kabla halijawa la watu wa kompyuta lilikuwa katika fasihi. Mfaransa Antonin Artaud alilitumia juu ya tamthilia katika kitabu chake cha mwaka 1938, kwa kuwa jukwaani nako kuna ulimwengu usiokuwapo ambao watazamaji hukubali kuishi ndani yake kwa saa mbili. Katika miaka ya 1980 Jaron Lanier wa Marekani alilieneza kwa maana tuliyo nayo leo. Basi mtu wa fasihi akiingia darasani humo hana haja ya kuona haya. Amefika katika nyumba ambayo mmoja wa jamaa zake alitangulia kuitaja.

Sisi tumelipokea jina hilo kwa neno pepe. Neno hili tulikwisha kulizoea katika barua pepe, na wengi hulisikia kama ndugu wa upepo, kitu kiendacho kasi bila kuonekana. Lakini mkulima wa mpunga analijua kwa maana nyingine. Kwake yeye pepe ni punje isiyo na kiini. Kwa nje ina umbo la mpunga, ina rangi ya mpunga, na katika shuke hukaa mahali pa mpunga. Ukiiminya hupati kitu. Nilipowaambia wanafunzi maana hii, baadhi yao walicheka na mmoja alikasirika kidogo. Aliniuliza, "Mwalimu, wenzetu wameliita somo lao kwa nguvu, nasi tuliite kwa ganda tupu?" Nilimjibu kuwa jina linaloonya lina faida kuliko jina linalosifu. Mkulima hawi adui wa shamba lake kwa kujua mapepe; ajuaye mapepe ndiye ajuaye kupepeta.

Somo lenyewe lilianza kwa mwili. Hili lilinishangaza, maana nilidhani litaanza kwa mashine. Mwalimu aliandika ubaoni kuwa kifaa cha kwanza cha somo ni mwanafunzi mwenyewe. Kila mmoja alipimwa nafasi iliyo kati ya mboni za macho yake, ambayo kwa watu wazima hukaribia milimita 63 kwa wastani, kwa kuwa lenzi zisipokaa sawasawa na macho, picha huchafuka na kichwa huuma. Kisha tukajifunza habari ya kichefuchefu. Ndani ya sikio kuna kiungo kiuambiacho ubongo kama mwili unakwenda au umetulia. Abiria aliyejifungia chini ya sitaha huona kuta zimetulia, hali sikio lake linajua kuwa chombo chayumba, bahari humlevya. Mvaa miwani hupatwa na kinyume chake. Macho humwambia kuwa anakimbia, na sikio humwambia kuwa ameketi. Mashahidi wawili wakipingana, tumbo hutoa hukumu. Kwa sababu hii miwani mingi mizuri huonyesha picha zisizopungua 90 kwa sekunde, na mafundi hujitahidi picha ifuate mgeuko wa kichwa katika muda usiofika sehemu 20 za elfu ya sekunde. Na kwa sababu hiyo hiyo mwanafunzi mpya huambiwa avae kwa dakika chache, avue mara aonapo jasho jembamba, wala asijione shujaa.

Somo la pili lilikuwa kipimo. Programu tuliyoitumia, Unity, huhesabu kila kizio kuwa mita moja. Kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi ilikuwa kuweka mchemraba wa mita moja juu ya uwanja mtupu, kisha kuvaa miwani na kusimama kando yake. Kazi hii yaonekana ya kitoto, lakini ina hekima. Katika picha ya kawaida kipimo cha uongo hujificha. Mwanafunzi mmoja alitengeneza mlango wa nyumba ya pwani wenye urefu wa mita tatu na nusu, na katika skrini ya kompyuta ulipendeza. Alipovaa miwani akasimama mbele yake, alisema, "Nimerudi kuwa mtoto." Mwili wake ulisahihisha kazi kabla mwalimu hajaiona. Hapo niliona uzuri wa elimu hii. Humlazimisha mtu kujua urefu wa kizingiti, upana wa baraza, kina cha kisima na kimo cha dirisha. Mambo ambayo tunaishi nayo kila siku bila kuyatazama. Asiyeujua ulimwengu wake halisi hawezi kujenga wa pepe.

Baada ya majuma sita kila kundi lilichagua mahali pa kujenga. Kundi moja la wanafunzi wanne, ambalo nililifuata kwa karibu, lilichagua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Uchaguzi ulikuwa mwema. Msikiti huo ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa kuba na matao, na magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hata 2014. Vipimo havikukosekana, maana Neville Chittick alichimbua huko katika miaka ya 1960, na kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Tena mmoja wa wanafunzi hao, binti wa Kilwa Masoko, alikuwa ameingia magofuni mara nyingi tangu utoto wake.

Walifanya kazi kwa bidii. Nguzo zilisimama mahali pake, matao yakapinda sawasawa, mwanga wa asubuhi ukaingia. Walipofika sehemu ya kaskazini, iliyo ya kale zaidi na ambayo leo haina paa, waliona vibaya kuiacha wazi. Wakatia paa la boriti zilizonakshiwa. Wakatundika taa za shaba kwa minyororo. Wakatandika mikeka ya rangi. Kila aliyevaa miwani alivutiwa na sehemu hiyo kuliko zote, na kundi lilikuwa na matumaini makubwa ya alama za juu.

Siku chache kabla ya kazi kukabidhiwa, binti yule alikuja na babu yake, mzee aliyekuwa mjini kwa matibabu. Sote tulimwamkia, tukampa kiti. Alipoelezwa kuwa ataingia msikitini, mzee alivua makubazi yake akayaweka kando ya kiti. Wanafunzi wawili walitaka kucheka, kisha wakanyamaza. Mjukuu wake akamvisha miwani taratibu, akamshika bega. Mzee alitazama mbele, akatazama juu, akanyosha mkono kama mtu atafutaye nguzo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, taa hizi nani aliziona?"

Binti akajibu, "Babu, hapana aliyeziona. Tumekisia."

Mzee akasema, "Mbona zenyewe hazisemi?"

Hakusema kwa ukali. Alivua miwani, akawasifu kwa kazi, akavaa makubazi yake. Lakini swali lake lilibaki chumbani. Jioni ile kundi liligawanyika. Wawili walisema kuwa kuondoa paa na taa ni kujinyima alama, na kwamba mtazamaji ajua kuwa yote ni michoro. Binti wa Kilwa alisema kuwa mtazamaji hajui, maana babu yake, aliyezaliwa huko, asingeuliza, angeondoka akidhani kuwa wasomi wamegundua taa. Alisema pia neno ambalo sijalisahau: watoto wa Kilwa wataiona kazi hii kabla ya kuvuka maji kwenda kuyaona magofu, na kitakachotangulia machoni kitakuwa ndicho cha kweli.

Hapo ndipo mtu wa lugha alipopata kazi yake. Picha haina labda. Huu ndio upungufu wake mkubwa, nao hauondolewi na wingi wa nuru wala wepesi wa mashine. Taa iliyochorwa imetundikwa. Haiwezi kutundikwa kwa mashaka. Jiwe lililochimbuliwa na jiwe lililokisiwa huonekana sawa, kwa rangi moja na kivuli kimoja. Lakini lugha ina ngazi. Kiswahili kina bila shaka, kina yasemekana, kina yasadikiwa, kina yamkini, kina huenda, kina labda. Mzee wa baraza akisimulia habari hutumia ngazi hizi bila kufundishwa: hutenga aliloliona na alilolisikia, na alilolisikia kwa baba yake na alilolisikia njiani. Elimu hiyo ya baraza ndiyo iliyokosekana katika msikiti wetu wa pepe.

Wala si sisi tuliokuwa wa kwanza kuona haja hii. Wataalamu wa majengo ya kale walikutana wakatunga Mkataba wa London mwaka 2006, ukasahihishwa mwaka 2009, nao hutaka kila mwenye kujenga jengo la kale kwa kompyuta aonyeshe wazi ni lipi lina ushahidi na ni lipi la kukisia. Wanafunzi walipousoma walitulia kidogo, kwa kuwa swali la mzee lilikuwa pia swali la wataalamu. Ila mzee aliliuliza kwa maneno manne.

Tuliketi siku mbili tukapepeta. Tulianza na mashahidi wenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na habari zake, zilizoandikwa miaka mingi baadaye, zasema kuwa mji wote ulijengwa kwa miti. Lakini kuta za mawe za msikiti zasimama hata leo, na jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane, ni la zama zile zile za safari yake. Basi hata aliyeona kwa macho yake hupepetwa. Huenda alisema juu ya nyumba za watu wengi. Huenda kumbukumbu ilimchezea. Wanafunzi walijifunza kuweka ushahidi juu ya ushahidi kabla ya kuinua tofali.

Mwisho wake tulipatana hivi. Kilichosimama Kilwa leo kilipewa rangi yake ya matumbawe na chokaa. Kilichoanguka, lakini kina ushahidi wa wachimbuaji, kilipewa rangi iliyofifia. Kilichokisiwa kiliachwa kama kivuli cha kijivu, ambacho jua la asubuhi hupita ndani yake. Taa za shaba ziliondolewa zote, maana hazikuwa na shahidi hata mmoja. Na katika kila sehemu sauti ya binti yule yasikika, kwa Kiswahili, ikisema: "Hapa twaona," au "Hapa yasadikiwa," au "Hapa hatujui, nasi tumeacha wazi." Sehemu ya kaskazini sasa ina anga juu yake. Mtazamaji akifika hapo husimama zaidi kuliko alivyosimama chini ya taa. Kazi ilikabidhiwa bila mapambo yake, na hao wawili waliopinga ndio walioomba kuandika maelezo ya rangi.

Kwa hiyo, kama mwanafunzi angeniuliza namna ya kuanza somo la uhalisia pepe, ningemwambia mambo machache. Asingoje miwani ya bei kubwa. Aanze kwa karatasi ngumu, simu na mchemraba wa mita moja. Auheshimu mwili wake na wa mtazamaji, maana tumbo halidanganywi bure. Atembee na kamba ya kupimia, apime mlango wa kwao kabla ya kuchora mlango wa mfalme. Ajifunze lugha ya kompyuta, lakini asiiache lugha yake nje ya mlango wa maabara, kwa sababu ndiyo itakayomwezesha kusema alijualo na asilolijua. Na kila akamilishapo kitu kizuri kupita kiasi, ajiulize: Nani alikiona?

Na wale wenye kutunga mafundisho ya somo hili ningewaomba watie juma moja la kupepeta katika ratiba, mapema, kabla wanafunzi hawajapenda mno walichokijenga. Ni vigumu kuondoa taa baada ya kuzitundika.

Neno pepe limetufaa kuliko tulivyotarajia. Mpunga hukua ndani ya ganda, na bila ganda hakuna punje; hakuna mkulima alaumuye maganda kwa kuwapo. Lawama ni ya yule apikaye bila kupepeta, akawapa wageni wake makapi katika sahani nzuri. Wanafunzi wetu wamepewa ganda jipya, kubwa na la kung'aa kuliko yote yaliyopata kuletwa shuleni. Kiini hakikuletwa pamoja nalo. Kiini ni cha kutafutwa hapa, katika mawe, katika vitabu na katika vinywa vya wazee, nacho hutiwa ndani kwa mkono wa mtu mkweli.